Kivuli Kwenye Meza ya Kukatia

Wifi yangu hanywi chai kabla ya kukata nguo. Hiyo ndiyo sheria yake ya kwanza, na kwa miaka yote niliyoishi naye chini ya paa moja sikuwahi kumwona akiivunja. Anaamka, ananawa uso, anafungua dirisha la upande wa mashariki, anatandaza kitambaa mezani, na mpaka nguo zote za siku hiyo ziwe zimekatwa, hakuna kikombe kinachoingia chumba kile. Anasema chai inautia mkono uzito. Akishakunywa, basi, mkasi mkubwa unarudi kwenye msumari wake mpaka kesho. Atashona, atapinda, atapiga pasi, atabishana na wateja, lakini kukata hakati tena. Mimi ninayetaka chai kabla sijafungua macho vizuri nimeshamcheka sana kwa hilo.

Kwetu hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Sentimita, au Mama Sentimita ukitaka kuonyesha adabu. Jina alipewa kwa sababu anakutazama ukiwa bado mlangoni anakutajia kiuno chako, na futi ikija kuzungushwa inakuwa ya kuthibitisha tu. Kama umenenepa atakuambia kabla hujakaa, wala haombi radhi. Kuna watu wazima hapa wanapita njia ya nyuma ili asiwaone.

Mimi ni dada wa marehemu mume wake. Nilikuwa karani wa posta, dirisha namba mbili, miaka thelathini na miwili, na nilikuwa mkali, sikatai. Nimewarudisha watu makwao kwa tarehe waliyoiandika ovyo. Nimemwambia mzee mmoja aliyekula chumvi nyingi kuliko mimi asome fomu yake mara mbili kabla ya kutia sahihi, akanitazama kama mtoto aliyekosa heshima. Naomba mlikumbuke hilo, maana ndilo linalonisuta mpaka leo.

Nilipostaafu sikuwa na pa kwenda, na kaka yangu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo wifi akaniambia njoo, vyumba vipo. Nyumba yenyewe aliijenga kaka kwa kumfuata mkewe. Chumba cha mbele ni cha kazi, na dirisha lake kubwa kuliko yote limeelekezwa jua linakotoka, kwa sababu mkewe alitaka mwanga wa asubuhi juu ya meza. Nyuma yake kipo chumba cha kulala cha wifi, halafu changu, halafu jiko, ambalo lilikuwa ghala la mawe la mwenye shamba wa zamani na kuta zake ni nene kama urefu wa mkono wangu. Nje, kando ya njia, kaka alisimamisha kibao alichokiandika kwa rangi nyekundu iliyobaki kwenye geti: FUNDI CHEREHANI. HAPA NI KAZINI. Hakupiga hesabu ya nafasi vizuri, kwa hiyo herufi mbili za mwisho zimebanana pembeni kama watu waliochelewa kupata kiti. Wifi alimtania kwa hilo miaka yote ya ndoa yao. Kwamba ameolewa na mtu asiyejua kupima.

Sheria yake ya pili ilikuwa ya mlangoni. Fundi anayefanyia kazi nyumbani hana pa kujificha. Mtu anaoa Jumamosi, anaikumbuka suruali Ijumaa jioni mkiwa mnakula, anakuja kukaa kizingitini na macho ya huruma. Kwa hiyo wifi alitufundisha sote, kuanzia watoto wake walipoanza kusema hadi mimi niliyehamia na mvi zangu: akigonga mtu usiyemjua, fungua mlango kidogo, sema, "Hapa ni kazini, hakuna anayelala hapa. Njoo saa tatu." Maneno hayohayo, kwa mpangilio huohuo, bila kuongeza kitu, kwa sababu ukiongeza neno moja mteja anapata pa kushikilia. Binti yake akiwa na miaka mitano alimwambia hivyo mama yangu mzazi, yaani bibi yake mwenyewe, aliyekuwa ametoka safari na mzigo wake. Mama alikaa kwenye ngazi akaisubiri saa tatu. Tulilicheka hilo hata kwenye msiba wake.

Siku kijana wa mitambo ya upepo alipokuja, wifi alikuwa amekwenda kununua bitana na vifungo. Nilikuwa nachambua mchele. Nikasikia hodi, nikafungua mlango kidogo, nikaona kizibao cha rangi ya kung'aa, buti zenye udongo na tableti mkononi.

"Shikamoo, mama. Samahani, hapa..."

"Marahaba. Hapa ni kazini, hakuna anayelala hapa. Njoo saa tatu."

Akatazama saa yake. Ilikuwa saa sita mchana.

"Saa tatu ya kesho?"

"Kesho."

"Wala sina haja ya kurudi, mama, nilitaka kujua hilo tu. Kwa hiyo hapa si makazi ya watu?"

"Kijana, nimeshakuambia hakuna anayelala hapa."

Akanishukuru sana, akagusa tableti yake mara mbili, akaenda zake. Nilifunga mlango nikijipongeza, maana wengine huchukua robo saa kuondoka na huyu hata dakika mbili hakumaliza. Karani wa dirisha namba mbili hakuuliza fomu ile ilikuwa ya nini. Wifi aliporudi sikumwambia, kwa sababu sikuona la kumwambia. Watu wangapi hugonga.

Mitambo ilikuja baada ya miaka miwili. Kwanza barabara ilipanuliwa, halafu yakaja malori marefu yaliyobeba panga moja moja, na watu tulitoka kutazama kama tunatazama maharusi. Iliposimama yote tisa juu ya kilima, kila mtu akaanza kuiita mapangaboi, kwa kuwa yanafanana na yale ya darini, ila haya hayampulizii mtu upepo. Wa tisa ulisimama peke yake chini kidogo ya wenzake, ndani ya shamba la jirani yetu, moja kwa moja mbele ya dirisha la kaka yangu.

Sitaki kutia chumvi. Mtambo wa upepo si shetani. Umeme lazima utoke mahali, na afadhali utoke kwenye upepo kuliko kwenye moshi. Jirani yetu aliyetoa ardhi ni mtu mwema, na simwonei kijicho, shamba lile lilikuwa likimtoa jasho tu. Kuna wenzetu upande wa pili wa kijiji wanaosema hawasikii kitu, na wanasema kweli, kwa sababu wao wako mbali. Mimi nasimulia habari ya nyumba moja.

Sauti yenyewe si kelele. Ingekuwa ni kelele ungeziba masikio ukamaliza. Ni kama lori linalokuja na halifiki. Unalisikia linapanda mlima, unangoja lipite ili ulale, halipiti. Chumba cha wifi nacho kilikuwa kinauangalia mtambo, na baada ya mwezi mmoja alibeba godoro lake dogo akahamia jikoni, nyuma ya zile kuta za mawe, akawa analala kati ya gunia la unga na mtungi wa gesi. Kitanda alichokinunua na kaka yangu kikawa mahali pa kuweka nguo zilizokwisha. Alisema ni kwa muda tu. Binti yake alipiga simu akamwambia, "Mama, hamia kwangu." Akamjibu kwamba kule hakuna dirisha.

Lakini sauti aliivumilia. Kilichomshinda ni kivuli.

Asubuhi ya kwanza alinipigia kelele kutoka chumba cha kazi, yeye ambaye hapendi kelele. Nilimkuta amesimama na mkasi hewani.

"Wifi, njoo uone. Macho yangu yameanza kuharibika."

Nikatazama meza. Mwanga ulikuwa unakuja na kuondoka, unakuja na kuondoka, kana kwamba kuna mtu nje anapitisha ubao mbele ya dirisha bila kuchoka. Kitambaa kilikuwa cheupe, halafu cha kijivu, halafu cheupe.

"Si macho yako," nikamwambia. "Hata mimi naona."

Alipumua kwa nafuu. Kisha sote tukageuka tukatazama nje, jua liko nyuma ya mapanga. Dakika arobaini na kitu kilikaa pale, kikaenda zake jua lilipopanda. Kesho yake kikarudi. Majira fulani ya mwaka huwa kinahamia ukutani kisha kinatoweka, na sisi tunajidanganya kwamba kimekwisha, halafu siku moja kinatokea pembeni mwa meza na tunajua tuna wiki nyingine kadhaa nacho.

Mtu atasema, si akate nguo saa nne. Nilisema hivyo hivyo. Saa nne wateja wameshajaa, mchana dirisha lile lina giza, na kwenye taa ya umeme yeye hatofautishi nyeusi na buluu ya usiku. Zaidi ya hayo, mtu aliyekata nguo alfajiri kwa miaka arobaini si swichi uiguse ibadilike. Kwa hiyo akajifunza kukata na kivuli. Mwanga ukija, mkasi unakwenda. Kivuli kikipita, mkasi unasimama. Kidogo, anasimama. Kidogo, anasimama. Nilikuwa nasikia mlio wake nikiwa jikoni, na ulikuwa unanichosha mimi niliyekaa.

Ndipo alipoharibu koti la mwalimu. Mwalimu mkuu alikuwa anamwoza binti yake, akaleta kitambaa kizuri, na wifi akaukata mkono wa kulia wa koti ukapungua upana wa vidole viwili. Miaka arobaini hajawahi kukosea mkono. Alitafuta kitambaa kama kile akapata kinachokaribia, si kilekile, na kwenye jua tofauti ilionekana. Mwalimu alilivaa, akacheza nalo, wala hakusema neno. Wifi angemshukuru zaidi kama angelalamika.

Baada ya hapo tukaenda kuzungumza na wenye mitambo. Walikuwa na afisa wao wa kuongea na wananchi, kijana mtanashati, na sisi tulimwita Bwana Tunashukuru, kwa sababu ukimwambia lolote anaanza, "Tunashukuru kwa maoni yako." Ungemwambia nyumba inaungua angeshukuru. Alitusikiliza, akaandika, na baada ya wiki akatuletea suluhisho ndani ya mfuko wa plastiki: pazia zito la kuziba mwanga.

Yaani walimletea fundi cherehani pazia. Wifi alilitandaza mezani, akaligeuza, akalitazama pindo lake kwa muda mrefu.

"Hili limeshonwa na nani?"

"Kiwandani, mama. Tunashukuru kwa..."

"Mwambieni amelala njiani."

Kijana alipoondoka, alilifumua pindo lote akalipinda upya, siku nzima, kwa hasira. Likatoka limenyooka kama rula. Halafu hakulitundika, kwa kuwa ukilifunga chumba kinakuwa giza, na giza ndilo lilelile aliloenda kulalamikia. Liko kabatini mpaka leo, pazia lililopindwa vizuri kuliko yote niliyowahi kuona.

Mkutano ulifanyika darasani. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni, na Bwana Tunashukuru akabandika orodha ya nyumba ubaoni. Akaeleza kwamba kwenye makazi ya watu mtambo husogezwa mbali, na kivuli kikiangukia makazi, mtambo hupangiwa kusimama wenyewe mpaka kivuli kipite. Watu wakanong'ona, kwa sababu hatukuwa tumejua kwamba jambo hilo linawezekana. Wifi akanyanyua mkono.

"Basi wangu usimamishwe. Asubuhi tu. Sitaki kingine."

Kijana akapitisha kidole kwenye orodha. "Namba kumi na nne. Hapa pameandikwa karakana, si makazi. Kwa karakana hatuna utaratibu wa kusimamisha."

"Nimezaa watoto watatu humo."

"Tunashukuru kwa maoni yako, mama. Lakini taarifa ilichukuliwa nyumbani kwako, mlangoni."

Hapo ndipo nilipoikumbuka. Saa sita mchana, mchele, kizibao cha kung'aa. Ilinijia yote kwa mara moja, hadi udongo wa kwenye buti. Nilikaa kwenye dawati la mtoto wa darasa la pili nikiwa nimejitia hamnazo, natazama ramani ya dunia ukutani.

Tulipofika nyumbani wifi aliupita mlango, akaenda moja kwa moja njiani, akasimama mbele ya kibao cha mumewe.

"Ni hiki," alisema. "Wamekisoma hiki. Kazini, kazini. Nimejiponza mwenyewe."

Nilikuwa na nafasi ya kusema pale. Hata nilifungua mdomo. Lakini ningemwambia nini, kwamba miaka thelathini na miwili ya kuwafokea watu na fomu zao, halafu mimi ndiye niliyemjazia yeye fomu mbaya kuliko zote? Niliona haya. Siitafutii jina zuri zaidi, ni haya tupu. Akaenda akaleta bisibisi kutoka kwenye droo ya cherehani, ile ndogo ya kukazia sindano, na misumari ya skrubu ilikuwa imeshika kutu, ikamchukua saa nzima. Mimi nilishikilia kibao kisianguke. Nilikishikilia kwa mikono miwili huku najua, na nikakibeba mpaka ndani, na tukakiegemeza nyuma ya mlango maandishi yakiangalia ukuta.

Kisha nikamwandikia barua ya kuomba nyumba iandikwe upya. Kwa mwandiko wangu wa posta, mistari imenyooka. Niliandika kwamba kosa limetokana na kibao kilichoeleweka vibaya. Wifi alinisikiliza nikimsomea, akasema, "Wewe wifi una mkono mzuri," akatia sahihi.

Tulingoja miezi minne. Katika miezi hiyo wateja wageni wakawa wanapitiliza, maana hakuna kibao, na yeye akawa anakata na kivuli, kidogo, anasimama. Alikonda. Nilimwona jioni moja akimpima msichana na kurudia kipimo mara mbili, jambo ambalo kwake ni kama mhasibu kuhesabu kwa vidole. Mimi nilikuwa nikijiambia kwamba barua ikikubaliwa, basi yameisha, hakuna haja ya kufukua.

Mkaguzi alikuja asubuhi, kivuli kikiwa mezani. Alikuwa mama wa makamo, amechoka, viatu ameshika mkononi kwa sababu ya tope. Nilimpenda kwa viatu vile. Nilipofungua mlango ulimi wangu ulikuwa umeshaanza, "Hapa ni ka...", nikaumeza. Nikamkaribisha ndani.

Alisimama kando ya meza akatazama kivuli kwa dakika nzima bila kuandika. Kisha akaomba kuona kibao. Nikakigeuza. Akakisoma kwa sauti, akafungua karatasi zake.

"Hapa sielewi. Kibao kinasema ni kazini, sawa. Lakini kumbukumbu yetu haikutoka kwenye kibao. Imeandikwa hivi: mtu aliyefungua mlango anasema hakuna anayelala hapa. Maneno hayo nani aliyasema? Nikikuta barua inasema hivi na kumbukumbu inasema vile, nitakachoandika ni kwamba maelezo hayalingani, na ombi litakufa."

Mlio wa mkasi ukakoma. Wifi aliyajua maneno yale kuliko mtu yeyote duniani. Sikumsubiri ageuke.

"Ni mimi," nilisema. "Kijana alikuja, mwenzangu hayupo. Nikamwambia hakuna anayelala hapa. Akaniuliza mara ya pili, nikamwambia tena. Barua hii niliiandika mimi na nimedanganya. Mama huyu hakujua lolote."

Mkaguzi akamtazama wifi. Wifi alikuwa anautazama mkasi.

"Ni maneno yangu," akasema taratibu. "Mimi ndiye niliyemfundisha. Kila mtu wa nyumba hii anayasema. Andika hivyo."

Akaeleza habari ya wateja wa Ijumaa, ya bibi aliyekaa kwenye ngazi. Aliieleza kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya dukani, na mkaguzi alitabasamu mahali ambapo sisi huwa tunacheka. Kisha akaomba kuona vyumba vya kulala. Wifi akafungua mlango wa chake. Kitandani kulikuwa na suruali za wanafunzi zimepangwa mpaka usawa wa dirisha.

"Kitanda hiki analalia nani?"

"Suruali."

"Na wewe?"

Akampeleka jikoni, akavuta godoro lililokunjwa nyuma ya gunia la unga. Mkaguzi alitafuta kwenye fomu yake, juu na chini.

"Jikoni hapana sehemu ya kujaza," alisema.

"Usijaze jikoni, mama," nikamwambia. Nilikuwa karani tena, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Andika chumba cha kulala, halafu kwenye maelezo andika kwamba mwenyewe amekihama kwa sababu ya sauti. Maelezo yana mistari mitano. Inatosha."

Akaandika. Akavaa viatu vyake kizingitini, akatuaga.

Wifi alirudi mezani. Kivuli kilikuwa kimeshapita, meza nzima inang'aa, lakini hakushika mkasi. Nilisimama mlangoni nikingoja anifokee. Ningefurahi kama angenifokea.

"Ungeniambia kabla sijakitoa kibao cha kaka yako," alisema.

"Wifi, nisamehe."

"Nimechoka, wifi. Hata kukasirika kunataka nguvu."

Siku tatu aliniongelesha mambo ya chumvi na mafuta ya taa tu. Siku ya nne aliniuliza kama nimemeza dawa yangu ya presha, nikajua ameniacha nibaki. Nilimwita jirani mwenye shamba tukakirudisha kibao mahali pake. Wifi alitoka akakitazama, akasema kimeegemea kulia kwa sentimita moja na nusu, akaingia ndani. Kilikuwa kimeegemea kweli.

Jibu lilikuja likiwa na mihuri miwili. Nyumba namba kumi na nne ni makazi. Mtambo hauwezi kuhamishwa kwa kuwa umeshasimikwa, na kuhusu sauti watakuja kupima. Lakini kuanzia siku ya kwanza ya mwezi, kivuli kikifika mezani mtambo utasimama wenyewe. Nilimsomea mara mbili, mara ya pili polepole. Alitikisa kichwa kukubali, akaniomba nimwongezee mafuta kwenye cherehani.

Siku hiyo niliamka mapema kuliko yeye. Jua lilitoka safi. Alinawa uso, akafungua dirisha, akatandaza kitambaa cha sare, kizuri, kizito kidogo, akachora kwa chaki. Mimi nilisimama pembeni. Kivuli kilikuja kikagusa kona ya meza, kikapita mara mbili, mara tatu, halafu nikaona mapanga kule nje yanazidi kuwa mazito, yanazidi, yakasimama. Lile lori likanyamaza. Sikuwa nimekisikia kimya cha nyumba hii kwa muda mrefu kiasi kwamba nilishtuka kusikia saa ya ukutani.

Mwanga ulikaa juu ya meza bila kutikisika. Wifi akashusha mkasi akaanza kukata.

Kidogo, akasimama. Kidogo, akasimama.

Nilidhani anajipanga. Akaendelea hivyo hivyo mpaka nusu ya mstari, na mwanga umetulia, hakuna kinachopita. Mkono ulikuwa unasita wenyewe, unamngoja mtu ambaye hayupo. Alijaribu kuuvuta moja kwa moja kama zamani, nikauona msuli wa shingo umekaza, na mkono ukasimama palepale ulipozoea kusimama. Akauinua mkasi, akakitazama kitambaa. Ukingo ulikuwa na vijino, kimoja kila baada ya inchi mbili, vimelingana vizuri sana.

Akapitisha kidole juu ya vile vijino, mwanzo mpaka mwisho. Nje mapanga yalikuwa bado yamesimama. Zilikuwa zimebaki sare tano hazijakatwa.

Akautundika mkasi mkubwa kwenye msumari wake, akavuta kiti, akakaa.

"Wifi," alisema, "niletee chai."

Nilikwenda jikoni nikabandika maji. Sikumuuliza kama ni ya leo tu.